Siku Tulipombeba Thon

Kijijini kwa akina Ho Thon, mlimani karibu na mpaka wa Laosi, mgonjwa hubebwa kwa machela. Shuka nene hufungwa kwenye mti mrefu, wanaume wawili huuweka mti begani, na mgonjwa hushuka bondeni akibembea kama mtoto mgongoni. Kwa miaka mingi bega la mbele la machela hiyo lilikuwa la Thon. Aliwashusha wanawake wenye uchungu wa kuzaa, watoto wenye homa, wazee walioumwa na nyoka. Mtoto mmoja alizaliwa njiani katikati ya mto, wakampa jina la mto huohuo, na mpaka leo akimwona Thon humwita baba.

Yeye mwenyewe hakuwahi kulala ndani ya machela hata siku moja. Alisema ni ya wanaokuja duniani na wanaoondoka, na yeye hayumo katika kundi lolote kati ya hayo, ana kazi.

Mimi naitwa Thoa. Kwetu ni bondeni, ukingoni mwa mto Son, kwa Wakinh, watu wa tambarare, na kazi yangu ni kuongoza misafara ndani ya Pango la Mwito. Nilianza nikiwa mpagazi. Mume wangu alikuwa amekwenda kusini kutafuta kibarua, akapata kibarua na mke mwingine, nikabaki na mtoto wa kike na nyumba iliyopigwa na mafuriko. Nilipokwenda kuomba kubeba mizigo, wanaume walicheka mpaka wakashika mbavu. Thon, aliyekuwa mkuu wa wapagazi, hakucheka. Alininyanyulia mzigo mgongoni, akaukaza kamba, akawaambia, "Mzigo hauulizi umebebwa na nani."

Safari ile ya kwanza alitembea nyuma yangu mwanzo hadi mwisho. Nilidhani ananichunguza. Baadaye ndipo nilipojua: alitaka nikikaa kulia nyuma ya jiwe, asitokee mtu wa kunikuta. Sikuwahi kumshukuru kwa hilo. Ungemshukuruje mtu kwa kitu alichokifanya ili kisionekane?

Miaka ilipita, nikajifunza kamba, nikajifunza lugha za wageni, nikawa kiongozi, naye akabaki mkuu wa wapagazi chini yangu. Mbele ya wageni aliniita kiongozi. Tukiwa wenyewe nilikuwa binti, kama zamani, naye kwangu alikuwa mjomba, kwa heshima tu, si kwa damu.

Basi mwaka ule, mwezi wa nane, tulikuwa na msafara wa mwisho kabla pango halijafungwa kwa ajili ya mvua. Wageni walikuwa watano. Alikuwapo Bwana Trac, muuza vigae kutoka Hai Phong, mtu wa kitambi na sauti kubwa, pamoja na mkewe Bi Sam. Alikuwapo binti mmoja wa Saigon, Vy, mfanyakazi wa benki, ambaye aliogopa mahali pa juu na alikuja kwa sababu hiyohiyo. Na walikuwapo ndugu wawili Wakorea, Sang na Tae, wasiojua neno la lugha yetu isipokuwa "wali" na "asante."

Bwana Trac na Thon waligombana siku ya kwanza, kabla hatujavuka hata kijito. Trac alikuja na kiti cha kukunja.

"Mgongo wangu haukai juu ya mawe," alisema.

"Mgongo wako utakaa juu ya kiti, kiti kitakaa juu ya mgongo wangu," Thon akamjibu. "Kwa nini tusikate njia fupi, ukae mgongoni kwangu moja kwa moja?"

Wapagazi wakaangua kicheko. Trac akawa mwekundu, akasema yeye si mtu wa kutaniwa na wabeba mizigo. Nikaingia kati. Kiti kilibebwa. Lakini njia nzima msituni, chini ya miti inayodondosha ruba, wawili wale hawakusemezana, na Be, mpishi wetu, akawa anasema kwa sauti ya chini kwamba chumvi hahitaji tena, ana nyuso mbili chungu za kutosha.

Pango la Mwito lina mdomo mkubwa kiasi kwamba mawingu huingia ndani yake na kutoka. Upepo ukipita pale hutoa sauti kama ya mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya mto. Ukishaingia, unateremka kwa kamba, unafuata mto wa chini kwa chini, kisha unatembea katika giza lenye dari usiyoiona hata ukiielekezea taa kali. Halafu, ghafla, mbele yako, mwanga. Zamani za zamani paa lilianguka mahali pale, jua likaingia, na msitu mzima ukaota ndani ya mlima: miti, migomba ya mwitu, nyani wanaoshuka kwa mizizi. Sisi tunapaita Bustani. Nimefika pale mara nyingi kuliko nilivyofika sokoni, na kila mara kifua changu hufunguka.

Tulilala Bustani. Asubuhi ilikuwa ya kijivu, manyunyu yakishuka kutoka juu polepole kama yana muda wote. Wapagazi walio wengi walikunja mahema, wakatangulia, wakavuka ziwa lililo mbele ili wakatayarishe kambi upande wa pili. Nyuma tulibaki mimi, wageni watano, Be na masufuria yake, Thon, na mkwewe Kray, aliyebeba kamba. Kray ni mtu wa misuli na maneno machache. Akisema sentensi mbili kwa siku, amehutubia.

Kutoka Bustani kwenda ziwani unashuka mteremko wa mawe makubwa kama nyumba. Vy alisimama katikati ya jiwe, miguu ikagoma.

"Siwezi, kiongozi."

Thon alikuwa chini yake. "Binti, usinitazame usoni, mimi si mzuri hivyo. Tazama mkono wangu. Ninapogusa, weka mguu. Haya. Vizuri. Na hapa. Ona, unatembea kama mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi haanguki."

Vy akacheka. Alikuwa bado anacheka jiwe la juu lilipohama. Mvua ilikuwa imelegeza udongo chini yake bila sisi kujua. Sikuliona, niliisikia tu ile sauti nzito, kama mtu anayekohoa ndani ya mlima, nikamwona Thon akimsukuma Vy kwa mikono miwili kando, kisha jiwe likapita. Halikumpiga kifuani, halikumpiga kichwani. Liliuchukua mguu wake wa kulia chini ya goti, likaubana kwenye jiwe lingine, likaendelea na safari yake hadi chini.

Mlio wa mfupa ule tuliusikia sote. Thon hakupiga kelele. Alikaa chini, akatazama mguu wake kwa mshangao, kama mtu aliyeletewa kitu ambacho hakukiagiza.

Mimi na Kray tulimfunga magango kwa vipande vya mti na mishipi ya mizigo. Damu haikuwa nyingi, lakini mguu ulikuwa umepinda mahali ambapo Mungu hakuweka kiungo. Nikamwachia Kray, nikashuka mbio kutazama ziwa.

Ufuko wa mchanga ambako asubuhi wapagazi walikuwa wameacha nyayo zao haukuwapo. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba majani na vijiti, yakinuka udongo wa msituni. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha huko Laosi, nasi tulikuwa tunaletewa. Nikapiga filimbi. Mbali upande wa pili taa ikajibu, ikazungushwa duara mara kadhaa. Hiyo ni alama yetu: wako salama, watatokea upande wa pili wa mlima na kuzunguka kwa msituni. Nilishukuru kwamba walikuwa wazima. Pia nilielewa kwamba mabega yote niliyokuwa nikiyategemea yalikuwa ng'ambo ya maji yale.

Simu ya setilaiti hushika Bustani tu, kwenye uwazi wa mbingu. Nikapanda tena. Ofisini walisema mawingu yamelala juu ya milima, hakuna helikopta wala ndege itakayokuja, watu watatumwa kwa miguu hadi kijijini na gari litasubiri barabarani. Wakaniunganisha na daktari. Akaniuliza vidole vya mguu vina rangi gani. Nikamwambia. Akauliza kama vina joto. Nikasema havina.

"Basi msisubiri maji," alisema. "Mtoeni."

Mbele palikuwa pamefungwa. Nyuma, mto wa chini kwa chini karibu na mdomo wa pango ungekuwa umejaa vilevile. Lakini juu ya mto ule upo ukingo mwembamba kwenye ukuta wa mwamba, ambao wasaka udi wa zamani walikuwa wakiupitia kabla pango halijajulikana na wageni. Tunaiita Njia ya Udi, na wageni hatuwapitishi kule. Thon aliipita ujanani. Kray alipita mara moja.

Nikawakusanya wote Bustani, ambako tulikuwa tumempandisha Thon kwa taabu, nikawaeleza mambo yalivyo.

"Niacheni hapa," Thon alisema. Alikuwa ameegemea mti, jasho likimtiririka. "Pana mbingu, pana maji. Be aniachie sufuria ya wali. Maji yakishuka, mje."

"Mguu wako hausubiri maji, mjomba."

"Mguu ni wangu."

"Na msafara ni wangu."

Sikuwa nimewahi kumwamuru kitu. Maagizo yangu yote kwake yalikuwa kama maombi, naye alikuwa akiyatekeleza kabla sijamaliza kuyasema. Sasa alinitazama kwa muda mrefu, kisha akageuza uso.

"Nani atanibeba? Kray na Be? Be hawezi kubeba hata siri."

"Leo nitaibeba yako, mzee," Be akamjibu. "Sitamwambia mtu kwamba unalia."

Kweli alikuwa analia. Haikuwa kwa maumivu tu. Nilimjua mzee yule. Alikuwa anaona haya.

Ndipo Bwana Trac alipokohoa. "Samahani. Na sisi hapa ni mapambo?"

"Bwana Trac," nikasema, "nyinyi ni wageni. Mlilipa mtunzwe."

"Dada Thoa, kabla ya kuuza vigae nilivibeba. Bandarini. Mimi na marehemu kaka yangu, mti mmoja begani, meli baada ya meli. Hiki kitambi unachokiona kimekuja juzi tu." Akamgeukia Kray. "Una panga? Tafuta mti ulionyooka, mbichi, unene wa kifundo cha mkono wangu. Mkavu usilete, utakatika."

Kray akanitazama. Kwa miaka yote nimekuwa nikiwaambia wageni wasiguse hata jani la Bustani, wasing'oe hata unyasi mmoja. Nikamwitikia kwa kichwa.

"Nitakushtaki kwa walinzi wa hifadhi," Thon akasema kwa sauti dhaifu.

"Utanishtaki ukiwa umesimama," nikamwambia.

Tulitengeneza machela kwa turubai ya jiko na kamba. Bwana Trac ndiye aliyetufundisha kutembea. Sang na Tae walipouinua mti kwa mara ya kwanza walikanyaga pamoja, kushoto kulia, kama askari wa gwaride, na Thon akaanza kubembea mpaka akapiga ukelele.

"Hapana, hapana!" Trac akakimbia mbele yao akipunga mikono. "Mkikanyaga pamoja mzigo unacheza ngoma. Wa mbele akianza na kulia, wa nyuma aanze na kushoto. Hivi. Tazama miguu yangu!" Akatembea huku na huku kama bata, kitambi mbele, akiwaonyesha. Wakorea hawakuelewa neno hata moja, lakini miguu waliielewa. Wakajaribu tena. Machela ikatulia kama mashua kwenye maji ya bwawa.

"Nani kamfundisha mtu huyu?" Thon akaniuliza kutoka ndani ya turubai.

"Muulize mwenyewe."

"Siongei naye."

"Mimi pia siongei na wewe," Trac akasema huku akiweka bega chini ya mti. "Nakubeba tu."

Tukaingia gizani. Walipokezana, wawili kwa wawili: Kray na Trac, Sang na Tae, mimi na Be. Bi Sam alitembea kando ya Thon na chupa ya maji na peremende za tangawizi, akimlisha kama mtoto, na kila mumewe alipohema kwa nguvu alimpigia kelele, "Nyumbani hata ndoo ya maji hunyanyui! Leo ndiyo nimejua nimekuwa nikidanganywa!" Trac hakuwa na pumzi ya kumjibu, lakini nilimwona akitabasamu. Vy alitangulia na taa, akimulika kila jiwe kabla halijakanyagwa, akisema kwa sauti, "Jiwe la kuteleza. Shimo kushoto. Hapa pazuri." Alisema hivyo mpaka sauti ikakauka, na ilipokauka akaendelea kwa kunong'ona.

Thon alikuwa mgonjwa msumbufu kuliko wote niliowahi kuwaona. Alilalamika kwamba Be ananuka vitunguu. Alisema mti umefungwa kinyume. Alimwambia Tae, ambaye hakuelewa, kwamba anatembea kama bibi harusi. Ndugu wale walikuwa wakihesabu kwa lugha yao ili wasipoteze mwendo, na baada ya muda tukasikia sauti ya Thon kutoka turubaini, akihesabu nao, akikosea kila namba. Sang alicheka mpaka ikabidi tuweke machela chini.

Tulipofika mahali ambapo unaanza kusikia mto, utani uliisha.

Njia ya Udi ina upana wa mtu mmoja aliyekaa. Juu yako ukuta, chini yako kishindo cha maji usiyoyaona, unayahisi tu usoni kama pumzi ya mnyama. Hapo mti haupiti. Machela haipiti. Nilisimama pale mwanzoni, nikaangaza taa, na kusema kweli akili yangu ilikuwa tupu.

"Binti," Thon akaniita. Nikainama. "Tulikuwa tukipitisha magogo hapa. Watu wanakaa mstari mmoja, migongo ukutani, miguu inaning'inia. Gogo linapita mapajani, kutoka kwa mtu hadi mtu. Likishampita wa nyuma, anainuka, anashika ukuta, anawapita wenzake kwa juu, anakwenda kukaa mbele."

"Wewe si gogo."

"Gogo halilalamiki. Hiyo ndiyo tofauti." Halafu akasema, bila utani, "Waambie wasiogope. Kama wakishindwa waniache, wasianguke pamoja nami. Waambie hivyo."

Sikuwaambia hivyo. Niliwafunga kila mmoja kwa kamba kwenye vyuma vya zamani ambavyo Kray alivipata ukutani, na vingine tulivigongomea. Niliwaambia njia nyingine haipo, nami sitamlazimisha mtu. Wa kwanza kukaa alikuwa Vy.

"Dada," nikamwambia, "wewe unaogopa mahali pa juu."

"Naogopa," alisema. "Nipeni kichwa chake. Mimi nitashika kichwa, nisogee nacho mpaka mwisho."

Tukakaa. Migongo kwenye mwamba baridi, miguu ikining'inia juu ya kishindo. Tukampitisha Thon mapajani mwetu, taratibu, mkono ukishika mahali ambapo mkono mwingine unaachia. Mguu uliovunjika aliushika Kray peke yake, akisogea nao. Nilimpokea mjomba wangu mapajani, mwepesi kuliko nilivyodhani, mfupa na kano tu, mtu ambaye mgongo wake ulipitisha mahema na vyakula na hofu za watu wote hawa, nikampitisha kwa Bi Sam.

"Bi Sam," Thon akasema akiwa amefumba macho, "mumeo asione wivu."

"Mume wangu ana kitambi, wewe una mguu mmoja," akajibu. "Sijui nimchague nani."

Mahali fulani katikati, kipande cha ukingo kilivunjika chini ya paja la Tae. Tulikisikia kikianguka, kisha muda mrefu mno, kisha maji. Tae aliteleza nusu ya mwili, kamba ikamshika, na uzito wote wa Thon ukamlalia Bwana Trac upande mmoja na Vy upande mwingine. Hakuna aliyeachia. Trac alinguruma kama ng'ombe. Vy alikuwa amekikumbatia kichwa cha Thon kifuani, macho ameyafumba, akirudiarudia, "Nimekushika, babu, nimekushika, babu." Sang alimvuta ndugu yake juu kwa mkanda. Kisha tukaendelea, paja hadi paja, mpaka mwamba ukapanuka na upepo wa nje ukatupiga usoni.

Tulipotoka mdomoni mwa pango ilikuwa alasiri, mvua nyembamba, msitu wote unang'aa. Sijawahi kuipenda mvua kama ile. Kray akakata mti mwingine. Akasema, "Tumetoka." Kisha akakaa chini, huyu mtu wa misuli, akashika kichwa kwa mikono miwili, na Be akaenda kukaa karibu naye bila mzaha wowote.

Tulilala mle msituni chini ya turubai moja, tumebanana, na kulipokucha tukaendelea. Kijiji kilipoonekana, wapagazi wenzetu walikuwa wamekwisha kufika kwa kuzunguka mlima, matope hadi magotini. Walikuja mbio kutupokea. Wa kwanza akaweka mkono juu ya mti.

"Tupe sisi, Bwana Trac. Mmefanya ya kutosha."

Trac alikuwa mbele, Sang nyuma. Macho ya Trac yalikuwa yamezama, shati limechanika begani. "Toa mkono," alisema. "Hatujafika."

"Lakini bwana..."

"Nimesema hatujafika. Mlango wake uko wapi?"

Wakampisha. Njia nzima ya kijijini wapagazi, watu ambao mabega yao ni mkate wao, walitembea pembeni mikono mitupu, na wanawake wakatoka kwenye nyumba zao zilizosimama juu ya nguzo kutazama. Bi Kui, mke wa Thon, alisimama juu ya ngazi. Alimtazama mumewe ndani ya turubai, akamtazama tajiri mnene aliyembeba, akajishika kiuno.

"Miaka yote unawabeba watu," alimwambia mumewe, "hata siku moja hukuniletea wageni. Leo umewaleta, na wali sijapika."

Halafu akaketi palepale ngazini akalia.

Hospitalini Dong Hoi waliuokoa mguu. Waliweka chuma ndani yake, na daktari akasema kwamba kama tungechelewa siku moja zaidi, angekuwa anazungumzia kuukata. Wageni wetu walikuwa na tiketi za kurudi makwao, lakini hakuna aliyeondoka. Walikaa kwenye nyumba ya wageni karibu na soko, wakawa wanakuja kila saa ya kutazama wagonjwa, na Trac akawa anagombana na Thon kuhusu mpira wa miguu.

Siku ya kuagana Bi Kui alishuka kutoka mlimani na kuku aliyechemshwa, wali wa kunata na uzi mweupe wa pamba. Muuguzi alisema kuku haruhusiwi wodini. Tukahamia uani, chini ya nguo zilizoanikwa, Thon kwenye kiti cha magurudumu. Bi Kui akamfunga kila mmoja uzi kwenye kifundo cha mkono, akiita roho yake irudi mwilini kama imebaki pangoni kwa hofu. Vy alipofungwa wake alisema anataka kusema kitu, kwamba jiwe lile lilikuwa limuue yeye. Thon akamkatiza.

"Binti, mimi nilikusukuma mara moja tu. Wewe ulishika kichwa changu njia nzima. Kichwa hiki ni kizito, mke wangu atakuambia, kimejaa ukaidi."

"Ni kweli," Bi Kui akasema.

Kisha ikawa zamu ya Thon kuwashukuru. Tulimwona akijiandaa. Alifungua mdomo, akafunga. Mtu ambaye hakukosa neno hata alipovunjika mfupa, sasa maneno yalimpotea. Mwishowe akamwambia Trac, "Fungua shati."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Fungua bega."

Trac akafungua vifungo. Begani palikuwa na alama ya mti, nene, zambarau, ngozi imechubuka na kuanza kupata gaga. Thon alivuta kiti chake karibu. Akaweka kiganja chake, kile kiganja kigumu kama gome, juu ya jeraha lile, akakiacha pale. Trac naye alitazama ukutani. Baadaye Thon alifanya hivyohivyo kwa Sang, na kwa Tae, na kwa Be ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikaa kimya. Alipofika kwangu nilitaka kumwambia kuhusu safari ile ya kwanza, kwamba najua kwa nini alitembea nyuma yangu. Nilimwambia. Nilisema asante, mjomba, kwa sauti ya kusikika, mbele ya watu.

"Nani kakuambia?" akauliza kwa ukali.

"Hakuna. Nilijua."

"Hm," akasema. Kiganja kikabaki begani kwangu muda kidogo zaidi.

Thon habebi tena. Mguu umepona kwa kutembea, si kwa mizigo, na ukuu wa wapagazi sasa anao Kray, ambaye huongoza kwa kunyoosha kidole. Pango lilipofunguliwa mwaka uliofuata nilimpa Thon nafasi kwenye msafara wa kwanza, si kama mfanyakazi. Alikataa, akakubali, akakataa, kisha asubuhi ya safari nikamkuta barabarani kabla yetu sote, na fimbo na kofia ngumu mpya.

Alitembea polepole, nami nyuma yake. Hakuwa na mzigo. Kila baada ya hatua chache mikono yake ilipanda kwenye mabega kutafuta mishipi, haikuipata, ikashuka. "Sijui niipeleke wapi mikono hii," alilalamika. Lakini tulipotokeza Bustani, jua lilikuwa limeshuka moja kwa moja kutoka kwenye uwazi, ukungu unapanda katikati ya miti, mbayuwayu wanazunguka juu. Alisimama. Nilitambua kwamba katika miaka yake yote mahali pale alikuwa akipita ameinama, chini ya mzigo, macho kwenye miguu ya aliye mbele.

"Kumbe kuna vipepeo," alisema.

Be akamletea chai. Akaipokea kwa mikono miwili, akakaa juu ya jiwe lenye joto, akainua uso wake juani.